Sufuria Iliyokonda

Nina binti, kila nikimwogesha anakonda.

Kitendawili hicho nilikitunga mwenyewe uani kwangu, mikono ikiwa na majivu mpaka kwenye viwiko. Kitendawili kinataka watu wawili, mmoja wa kutega na mwingine wa kutegua. Mimi nilikuwa peke yangu, basi nikatega, nikanyamaza kidogo kama mtu anayefikiri, kisha nikajijibu. Wewe utasema ni sabuni. Sio sabuni. Subiri, tutafika.

Jina langu ni Kunegunda. Naishi Bombambili hapa Songea, nyumba yenye ua wa michongoma na geti la mabati. Mume wangu, marehemu Hironimus, alikuwa fundi wa kumimina masufuria. Alikusanya masufuria mabovu na nyaya za zamani, akayayeyusha kwenye tanuri alilochimba nyuma ya nyumba, akayamimina kwenye kalibu ya mchanga. Watu walikuwa wakileta sufuria iliyopasuka na kuondoka na nzima. Kabla ya kumimina alikuwa na tabia moja: alibonyeza dole gumba lake kwenye mchanga, pale chini ya mkono wa sufuria. Ikitoka, unakuta pamevimba kidogo, dole la Hironimus. Hakuandika jina. Alisema jina linataka kusomwa, dole linapapaswa tu.

Sufuria kubwa kuliko zote alizowahi kutengeneza aliiacha nyumbani. Aliimimina mwaka ambao mtoto wetu Fulgence alipata komunyo ya kwanza, na tangu hapo haikuwa yetu tu, ilikuwa ya Bombambili nzima. Msiba ukitokea, wanakuja. Ubatizo, wanakuja. Harusi, wanakuja tangu juzi yake, maana wanaogopa kuwahiwa.

Hironimus alipofariki, na Fulgence akawa amehamia Mwanza na familia yake, ile sufuria ndiyo iliyobaki kuniletea watu. Nasema kweli, hodi zote nilizopata zilikuwa hodi za sufuria. Anaingia mtu, shikamoo Bibi, marahaba mwanangu, kisha anatazama pembeni jikoni kama ipo. Mimi najifanya sijui alichofuata. Namkalisha, namuuliza mgonjwa alianzaje, au bibi harusi ni wa wapi, mpaka nishibe maneno, ndipo namwambia ichukue.

Na kurudisha nako kulikuwa na raha yake. Kwetu chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Wanaiosha, wanaweka ndani kitu kidogo, bakuli la wali, kipande cha nyama, au likolo lililobaki, yaani mboga ya majani kwa Kingoni chetu. Aliyeileta anakaa tena, ananieleza nani alilia sana na nani alikuja kula tu.

Akiondoka, naisugua upya. Walikuwa wameshaisugua, najua. Lakini mchana wa mtu mmoja ni mrefu. Nachukua majivu, mchanga wa mto Luhira na gunzi la mahindi, nakaa kwenye kigoda, nasugua ndani na nje mpaka najiona uso wangu. Ile sauti yake, kwaru kwaru, inajaza ua. Kwa mbali mtu anaweza kudhani kuna kazi inaendelea, kuna watu. Hata ikipita wiki haijaazimwa, nilikuwa naisugua vilevile.

Kisha jumuiya yetu ya kanisani ikanunua masufuria ya kiwandani, pamoja na viti na turubai, yakawekwa kwa mwenyekiti. Mama Jane, mweka hazina, alikuja mwenyewe kunipa habari. Alifurahi kwa ajili yangu. Akasema sasa nitapumzika, watu wataacha kunisumbua. Nikamshukuru. Nilimsindikiza mpaka getini, nikabaki nimeshika komeo.

Nikapumzika basi. Geti likapumzika nalo, mpaka bawaba zikaanza kushika kutu. Fulgence alikuwa akipiga simu Jumapili, na mjukuu wangu Oliva alikuwa akipewa simu amsalimie bibi. Zamani, akija likizo, tulikuwa tunategeana vitendawili mpaka usingizi unamkuta na jibu mdomoni. Sasa nikimtegea kwenye simu ananiambia, Bibi, kifurushi kinaisha.

Jirani yangu wa ukuta mmoja wa michongoma ni Zulfa, mtu wa Tunduru. Mume wake Abdulhamid ananunua korosho, kwa hiyo msimu wote yuko huko, na yeye anabaki na watoto wake wadogo. Walipohamia tu, Zulfa alikuja kuniomba sufuria kubwa. Alikuwa na hitima ya mama yake. Nikamwambia karibu, njoo uichukue jioni. Jioni hakuja. Akatuma mtoto aseme Bibi asante, tumepata nyingine. Nikaona huyu ana maringo, sufuria yangu imemkinaisha kabla hajaigusa. Tangu siku hiyo ikawa salamu za juu ya michongoma tu. Shikamoo, marahaba, basi.

Hata mimi nilianza kuamini sufuria yangu imestaafu. Ndipo ukatokea msiba mkubwa Ruhuwiko, masufuria ya jumuiya yakawa hayatoshi, wakaja vijana na bodaboda kunigongea. Niliwachelewesha kwa maneno mpaka wakaanza kutazamana. Wakaondoka nayo, mmoja ameikumbatia mbele kama ngoma. Mimi nikafagia ua, nikatoa kigoda cha pili, kwa ajili ya atakayeirudisha.

Ilirudi mapema mno. Yule kijana aliniambia waliiteleka, wakatia maji, na kabla maji hayajapata moto kuni zikaanza kufuka moshi na kulia. Walipoinua, chini palikuwa panavuja pote, kama jasho. Wakaazima kwingine. Hakukaa, alikuwa anahitajika msibani. Nilitazama ndani. Siku hiyo sufuria yangu ilirudi tupu.

Nilijua wa kumwendea. Daimu anakaa Ruhuwiko, ni Myao wa huko huko Tunduru, alikuja kwetu akiwa kijana kujifunza kazi kwa Hironimus. Sasa ana mvi, ana tanuri lake nyuma ya nyumba, na feni ya kupulizia moto aliyoifunga kwenye gurudumu la baiskeli. Nilisubiri msiba uishe, nikapanda bodaboda na sufuria yangu mapajani.

Aliniamkia, akaipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia nimemletea mgonjwa, nataka amtibu arudi kama alivyokuwa, mkubwa vilevile, maana bila huyo hakuna atakayefungua geti langu. Aliigonga kwa kidole, akasikiliza. Kisha akaiinua juu ikakinga jua, nami nikaona mwanga ukipita kwenye vitundu vidogo vidogo, kama chujio.

"Mama, huwa unaisugua na nini?" akaniuliza.

"Majivu. Na mchanga wa Luhira."

"Kila wakirudisha?"

"Kila wakirudisha."

"Na wasipoiazima?"

Nikatazama kuku wake.

"Moto haukuitoboa hii, Mama," akasema taratibu. "Umeila wewe."

Haya, jibu la kitendawili ndilo hilo. Nilikitunga kwa mchezo, kumbe nilikuwa najisema. Daimu alinieleza kwamba kuziba hakufai. Ukigonga ribiti hapa, inachanika pale, maana pote imekuwa nyembamba kama karatasi. Dawa ni moja, kuyeyusha na kumimina upya. Nilipapasa chini ya mkono wa sufuria, palipokuwa na dole la Hironimus. Palikuwa laini kabisa. Hata hilo nilikuwa nimelisugua likaisha, na sikumbuki siku lilipoisha.

Nikasema basi, iyeyushe.

Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye mkunjo wa mdomo, akakitoa kikiwa na maji. Akaniangalia, akaanza kucheka mpaka akaegemea ukuta. Nilikuwa nimeiosha asubuhi ile. Nilipata aibu. Lakini mwanamke gani wa Songea anapeleka sufuria kwa watu ikiwa na masizi?

"Mama Fulgence," akasema, "nani anaoga akienda kuchomwa?"

Na nilikuwa najua. Tone moja la maji likijificha kwenye mkunjo, likakutana na alumini iliyoyeyuka, linaruka na kuirusha yote usoni mwa mtu. Hironimus alikuwa na kovu shingoni kwa ajili ya tone kama hilo. Miaka yote nilimwona akikausha kila kipande, na bado mkono wangu ulikwenda kwenye maji wenyewe. Daimu aliianika kifudifudi juu ya bati, tukakaa kungoja jua lifanye kazi.

Tukiwa tunangoja akasema jambo lililoniuma. Iliyobaki haitoshi kutoa sufuria kubwa. Nyingine yote iko kwenye jalala langu, imechanganyika na majivu. Labda aongeze pistoni za pikipiki, anazo nyingi. Nikakataa. Hironimus hakuwahi kuweka kitu cha injini kwenye chombo cha kupikia. Alisema kimekunywa oili maisha yake yote, hakitaacha leo. Daimu alikubali kwamba ndivyo alivyofundishwa. Basi itatoka ya wastani, akasema, ya familia.

"Nataka kubwa."

"Kubwa ya nini, Mama? Unampikia nani?"

"Anayekuja."

"Nani anakuja?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kipimo cha chombo. Lakini sikuwa na jina la kumtajia. Nikaanza kulalamika badala yake. Nikamweleza habari za jumuiya na masufuria ya kiwandani, na habari za jirani yangu Zulfa mwenye maringo, aliyeomba sufuria na kisha akaidharau.

Daimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza ile sufuria ilipika nini kila Krismasi. Nikasema kitimoto, nani asiyejua, Hironimus alikuwa akichinja nguruwe kila mwaka.

"Basi huyo dada hana maringo. Alipata habari tu, akaona haya kukwambia. Hata mimi, Mama, miaka yote niliyokaa kwenu, uliwahi kuniona nakula kilichotoka humu?"

Nilifikiri. Nikamwona Daimu kijana, pembeni ya tanuri, anageuza hindi kwenye makaa, au kiazi kitamu. Hironimus alikuwa akimtania kwamba anajifanya bwana shamba, anakula mazao tu. Na mimi nilikuwa nikimpakulia, sahani inakaa, naikuta baadaye wameigombania kuku. Nilidhani hapendi mapishi yangu. Hakunieleza, na mimi sikumuuliza.

"Na ikiyeyuka?" nikamuuliza.

"Mimi sio shehe. Muulize mwenye kupika."

Jua lilipoikausha aliivunja kwa nyundo, ikakunjika bila ubishi. Vipande vikaingia kwenye chungu cha chuma, mkaa ukashika, akaniachia gurudumu la feni nizungushe kama nilivyokuwa nikizungusha zamani. Yeye akatengeneza kalibu. Alichukua sufuria yake ya wastani, akaishindilia mchanga ndani na nje kwenye fremu za mbao. Alibana mchanga kwanza mkononi, akaukata katikati, kuona kama una unyevu wa kushikana tu bila kulowa. Mkono wake ulifanya hivyo sawasawa na mkono wa mwalimu wake. Niligeuza uso.

Alumini ikashuka. Kwanza vipande vinajikunja, kisha vinalala, kisha vinakuwa kitu kimoja kinachotikisika kama uji. Takataka zikaelea juu kama utando wa maziwa, akazikusanya kwa upawa na kuzitupa. Chini yake palikuwa peupe, panang'aa kuliko nilivyowahi kupafanya kwa kusugua.

Alipoitoa ile sufuria ya kielelezo, likabaki tundu tupu lenye umbo la chombo. Akaniita. Akasema mzee alikuwa akiweka dole hapa, chini ya mkono. Yeye hajawahi kuweka la kwake, anaona sio haki. Akanisogezea fremu.

Nikabonyeza dole gumba langu. Mchanga ulikuwa wa baridi.

Akafunika, akamimina, moshi ukatoka kwenye matundu. Baadaye alipovunja mchanga ikatoka sufuria ya rangi ya majivu, ina ngozi ya kukwaruza, kama mtoto ambaye bado hajafutwa. Akaipiga tupa pembeni, akanipa. Mkono wangu ulikuwa umeshaokota mchanga, nataka nianze kuisugua pale pale. Akaniondolea.

"Iache na ngozi yake, Mama. Sabuni na kitambaa, basi. Nje ipake majivu yaliyoloweshwa kabla ya kuteleka, masizi yatatoka yenyewe. Ukianza tena yale mambo yako, ijayo nitakumiminia kikombe."

Nilirudi nayo nyumbani, nikaiweka juu ya kigoda cha pili. Njaa ilikuwa inaniuma, maharage yalikuwa yamelowekwa, na kwenye kabati kulikuwa na kopo langu la mafuta ya nguruwe ninayokaangia kila siku. Nilishika kopo. Nikaitazama ile sufuria. Ilikuwa haijapika kitu chochote duniani. Mara tu nitakapoitia hayo mafuta, itakuwa ya kwangu peke yangu mpaka nife. Nikarudisha kopo kabatini, nikachoma kiazi kwenye makaa, nikakila kama Daimu.

Kulipokucha nilifungua geti langu kwa kutoka, nikaenda kupiga hodi kwa Zulfa. Kumbe ni kazi. Miaka yote nilikuwa mtu wa kuitikia hodi, sikujua anayepiga anakuwa na moyo unaodunda namna hii. Nilisimama mlangoni kwake na sufuria tupu kifuani, kama mtu aliyekuja kuomba chakula.

Zulfa alitoka akifuta mikono kwa khanga, akaniamkia, akashangaa. Akanivutia mkeka. Nikamweleza bila kuzunguka. Nikasema hii ni ile kubwa, imeyeyushwa, imekuwa hii. Nikasema zamani ilipika kitimoto na sikufikiri kumwambia, maana sikujua kwamba kuna la kumwambia. Na tangu izaliwe upya haijapika kitu.

"Nataka uipikie wewe kwanza," nikamwambia. "Kabla yangu."

Aliichukua, akaipindua, akapapasa ile ngozi yake. Kidole chake kikafika chini ya mkono, kikasimama pale palipovimba.

"Iliyeyuka yote, Bibi? Haikubaki kipande?"

"Yote. Ilikuwa kama uji. Nilizungusha feni kwa mkono wangu."

Kisha akaniambia kwamba siku ile alijisikia vibaya sana kunikatalia, na kila akinisikia ninasugua alikuwa anadhani nina wageni, anaona haya kuingilia. Mimi nikamwambia sikuwa na wageni. Zulfa akauliza mtoto wake mdogo yuko wapi, akajibiwa, akarudi kwangu.

"Nitaiosha kwanza kwa udongo na maji, mara saba, kama tulivyofundishwa. Sio kwamba sikuamini. Ni moyo wangu utulie. Hutachukia?"

Nikamwambia aioshe anavyotaka. Nikaaga, nikarudi kwangu. Nimeshasema kwetu chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Lakini sikumkumbusha. Yeye si wa kwetu, na huko kwao huenda wana taratibu nyingine.

Mchana ukaja, ule mrefu. Sikuwa na kitu cha kusugua. Nilikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, nikagundua sijui niiweke wapi. Ua ulikuwa kimya mpaka nikasikia inzi. Kisha ng'ambo ya michongoma ikaanza. Kwaru kwaru. Maji yakamwagwa. Kwaru kwaru tena. Nilisikiliza nikihesabu maji yanayomwagwa, na kila aliposugua naiona alumini ikienda jalalani. Nikavumilia mpaka nikashindwa. Nikasogea kwenye michongoma.

"Zulfa, mwanangu."

Sauti ikakoma. "Abee, Bibi."

"Kitendawili."

Kimya. Nikadhani nimekosea, huenda kwao wanasema vingine, au ana kazi, au kifurushi chake nacho kinaisha.

"Tega," akasema.

"Nina binti, kila nikimwogesha anakonda."

Alifikiri. Nikamsikia anawauliza watoto, wakabishana. "Sabuni," akasema.

"Sio sabuni."

"Mshumaa."

"Nani anaogesha mshumaa? Umeshindwa. Nipe mji."

Akacheka, cheko dogo la mtu ambaye ameloa mpaka kifuani. "Haya, chukua Tunduru."

Amenipa mji wake. Angeweza kunipa mji wowote, Dar, Arusha, hata Ulaya wanatoa. Nikaichukua Tunduru. Nikasema nilikwenda huko, nikapokewa vizuri, nikakalishwa mkekani, nikalishwa korosho za kuchoma mpaka nikasahau nilichofuata. Watoto walikuwa wamenyamaza kusikiliza.

"Na jibu, Bibi?"

"Jibu nimelisahau huko huko Tunduru. Utalikuta hapa kwangu, siku ukinirudishia sufuria."

Akasema kesho Ijumaa atapika, kuna kina mama wanakuja kwake. Jumamosi ataileta mwenyewe, hataituma kwa mtoto. Kisha akaongeza, kama mtu anayejisemea, kwamba kwao Tunduru sufuria ya mtu hairudi tupu, je, mimi nakula wali wa nazi?

Nikamwambia nakula.

"Na Zulfa," nikasema, "usiisugue sana."

"Imebaki mara moja tu, Bibi."

Akaanza tena, safari hii polepole. Mimi nikarudi kwenye kigoda changu. Jumamosi ilikuwa bado mbali. Nilichukua kipande cha kitambaa na mafuta kidogo ya taa, nikaenda kupaka bawaba za geti.